Jembe, moko na bodaboda: kijana wako anaelekea wapi?

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Katoro, mkoani Geita. Nimemwomba ruhusa niuweke hapa bila jina lake, naye amekubali.

"Shikamoo mwandishi. Mimi nauza chakula karibu na stendi, mume wangu ni mkulima. Kijana wetu wa kwanza amemaliza kidato cha nne, kapata divisheni four. Ana miaka 18 kamili. Mjomba wake ana duara huko Nyarugusu, anasema tumlete tu. Baba yake anataka kuuza ng'ombe wawili, hela iingie kwenye duara la mjomba, na kijana akafanye kazi hapohapo ili ailinde. Mimi nataka ng'ombe hao wampeleke chuo. Tumegombana mpaka majirani wanajua. Baba anasema hata yeye alilelewa kwenye pamba, na pamba haikumpa kitu. Naomba ushauri."

Marahaba, dada. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hiyo sentensi ya mwisho ya mumeo. Ujumbe wa aina hii huja sana kutoka Shinyanga, Kahama na Geita. Mara nyingi mama anadhani baba kashikwa na tamaa ya dhahabu, na baba anadhani mama anamdekeza mtoto. Mimi naona mnagombania jambo moja: kijana huyu akifika miaka arobaini, atakuwa anakula kwa kazi gani?

Kwa hiyo tuanze na hiyo pamba.

Shuleni watoto wetu wanafundishwa kwamba kazi zinagawanyika katika sekta tatu. Ya kwanza ni kutoa kitu ardhini, majini au porini: kulima, kufuga, kuvua, kuchimba. Ya pili ni kukigeuza kitu hicho kiwe kingine: kuchambua pamba, kufuma, kukoboa, kuchomelea, kujenga. Ya tatu ni huduma: kuuza, kusafirisha, kufundisha, kutibu, kutuma na kutoa pesa. (Mwanao akikuuliza uchimbaji uko wapi, mwambie vitabu vya jiografia huuweka kwenye sekta ya kwanza, lakini takwimu za pato la taifa huuhesabu pamoja na viwanda na ujenzi. Asijichanganye kwenye mtihani.)

Njia ambayo wachumi wameizoea ni hii: watu wanatoka shambani wanaingia viwandani, kisha watoto na wajukuu wao wanaingia kwenye huduma. Uingereza ilitumia zaidi ya karne moja kuipita. Korea Kusini iliipita ndani ya umri wa mtu mmoja. Hapa Tanzania zaidi ya nusu ya watu wenye kazi bado wako kwenye kilimo, ingawa fungu hilo limekuwa likipungua. Ukitaka kujua wanaotoka shambani wanaingia wapi, angalia familia yoyote ya kawaida ya Usukumani.

Babu alilima pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa kanda ya ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkubwa. Vyama hivyo vikaja kumiliki jineri zao wenyewe. Baada ya uhuru Mwanza ikapata kiwanda cha nguo cha Mwatex, na Musoma ikapata Mutex. Hebu tazama zao moja lilivyobeba sekta zote tatu: huyu analima, yule ni fundi mitambo kwenye jineri, mwingine anakamua mafuta ya mbegu, mwingine dereva wa lori, mwingine karani wa chama anayeandika kilo kwenye daftari. Mtoto wa mkulima aliweza kupanda ngazi bila kuondoka kwenye pamba.

Baadaye ngazi ile ikaoza vipandio vya katikati. Vyama vilielemewa na madeni. Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, viwanda vya nguo navyo vikayumba, na pamba yetu nyingi ikawa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mkulima akabaki na jembe na bei ya soko la dunia. Msimu wa 2019 wengi wenu mnaukumbuka: bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na kuna kaya zilizokaa miezi zikidai hela zao. Mumeo anaposema pamba haikumpa kitu, anasema alichokiona. Usimbishie hapo.

Kizazi cha baba ndicho kilichoingia mgodini. Shinyanga haikuwa ngeni kwa migodi. Mwadui ilikuwa na almasi tangu Mkanada John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Geita nayo ilikuwa na mgodi wa dhahabu tangu enzi za mkoloni, ukafungwa mwaka 1966. Wimbi kubwa lilikuja baadaye: Geita Gold Mine mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Pembeni yake, maelfu ya wachimbaji wadogo kwenye maduara ya Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na kwingineko.

Hapa ndipo kanda yetu ilipoacha ile njia ya wachumi. Mtu alitoka kwenye jembe akaenda kwenye nyundo na moko, yaani kutoka kutoa kitu ardhini hadi kutoa kitu kingine ardhini. Alibadilisha shimo tu. Mwanawe naye, akiona shamba limegawanywa kwa ndugu saba na duara limejaa, anaruka moja kwa moja hadi huduma: bodaboda, wakala wa pesa, kibanda cha chipsi, saluni. Sekta ya katikati, ile yenye mashine na ufundi, karibu wote wanaipita juu kwa juu.

Sisemi huduma ni mbaya. Dada, wewe mwenyewe umewalisha watoto wako kwa sufuria za wali pale stendi. Ila nataka uangalie huduma za miji yetu zinasimama juu ya nini.

Mgodi ukikohoa

Waulize watu wa Kahama kuhusu mwaka 2017. Machi mwaka ule serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. Septemba kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu, ikatangaza kupunguza shughuli za mgodi ule, hatua iliyogusa karibu watu 2,000, wa kampuni na wa makandarasi. Uchimbaji wa chini ya ardhi haukurudi hadi mgodi ulipokuwa mikononi mwa Barrick, miaka mitatu hivi baadaye.

Ukiwa umepanga chumba au unauza supu unajua kinachofuata. Mfanyakazi mmoja wa mgodini alikuwa analipa kodi ya nyumba, dada wa kazi, bodaboda wa kumpeleka mtoto shule, fundi cherehani, muuza mkaa na mama ntilie. Mshahara mmoja ukikatika, wote hao wanapungukiwa, na hakuna anayewaandika kwenye orodha ya walioachishwa kazi. Buzwagi nayo ilimaliza uzalishaji mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu. Miaka 12 ni mtoto kuanza darasa la kwanza hadi kumaliza kidato cha tano.

Na hata inapofanya kazi vizuri, migodi mikubwa haiajiri watu wengi kama wanavyodhani wanaoitazama kwa nje ya uzio. Malori yale makubwa yanahamisha kilima kizima yakiwa na madereva wachache. Anayepata nafasi mle ndani ni fundi umeme, fundi wa mitambo mizito, mpima ardhi, mtu wa maabara, muuguzi, mhasibu. Kijana mwenye mikono mitupu anabaki na maduara.

Duara linavyolipa

Najua vijana wanaotoka kwenye duara na pikipiki mpya. Najua pia bei ya dhahabu ilivyopanda. Machi 2025 ilivuka dola 3,000 kwa wakia. Tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini, la Geita likiwa la kwanza, ambako mchimbaji anapimiwa na kuuza kwa bei inayojulikana. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na mjomba hakudanganyi akisema mambo ni bora kuliko zamani.

Lakini uliza hela inavyogawanywa. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, kuna aliyeleta chakula, pampu na baruti, ndipo wanakuja wale walioshuka chini, ambao mara nyingi wanalipwa kwa mifuko ya mawe. Mifuko hiyo mtu anaipeleka kwenye karasha kusagwa, kwa malipo, na anaweza kukuta mawe hayana kitu. Miezi mingi ya kuchimba kifusi haina mgao kabisa. Kijana anakula kwa hisani ya msimamizi. Ng'ombe wawili wakiingia hapo wamekuwa mtaji wa mtu mwingine, na mwanao amekuwa kibarua anayelinda hela ambayo haioni. Mwambie mjomba aandike kwenye karatasi, mbele ya shahidi: ng'ombe hawa ni fungu gani la mgao, na duara lisipotoa, nani anadaiwa nini? Kama anakataa kuandika, umeshajibiwa.

Kisha kuna usalama. Novemba 2015 wachimbaji watano waliokolewa kwenye shimo la Nyangarata, Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41 wakila mende na mizizi. Nchi nzima ilishangilia, na mimi nilishangilia, lakini mwenzao mmoja hakutoka. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa na mgodi wa Nyandolwa, wilayani Shinyanga. Ajali za mtu mmoja mmoja hata redioni hazisikiki.

Jambo ambalo kina mama wanalipuuza zaidi ni zebaki. Mchimbaji anachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, anakamua kwa kitambaa, kisha anachoma donge ili zebaki iondoke kwa mvuke. Nimeona donge likichomwa kwenye jiko la mkaa lilelile linalopikiwa uji. Mvuke ule hauna rangi ya kukutisha. Unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo na yule aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauingii jikoni kwako. Kijana au baba akileta donge nyumbani, asichomee ndani wala karibu na watoto, na asitumie sufuria ya chakula hata kama imeoshwa kwa sabuni na jivu. Nguo alizovaa kazini zifuliwe peke yake.

Kwa wale wenye watoto wadogo zaidi: sheria ya Tanzania inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi hatarishi, na machimbo ni mojawapo. Kuokota mawe Jumamosi "ili anunue daftari" kunahesabiwa humo. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita tangu 2022. Najua michango, sare na nauli bado vipo. Hata hivyo daftari si sababu tena ya kumtuma mtoto wa darasa la sita mwaloni.

Kazi iliyosahaulika katikati

Sasa narudi kwenye ile sekta tunayoiruka, maana ndiko ninakotaka ng'ombe wako waende, angalau mmoja.

Nenda siku moja kwenye eneo la makarasha ukae tu utazame. Mota inaungua, nani anaifunga upya? Chuma cha karasha kinakatika, nani anachomelea? Pampu ya maji ya duarani imegoma, nani anaifungua? Mafundi hawa wanalipwa mawe yakiwa na dhahabu, na wanalipwa mawe yasipokuwa nayo. Duara likifa, fundi anapakia vifaa kwenye bodaboda anahamia kwingine. Akichoka na machimbo anakwenda Kahama, mji mkubwa wa biashara ya mpunga, ambako kuna mashine za kukoboa, na mashine ya kukoboa mpunga inaharibika kwa namna ileile ya karasha. Halmashauri ilitenga eneo la Zongomela kwa ajili ya viwanda vidogo vya aina hiyo. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021. Ujenzi kama huo unataka wasuka nondo, wachomeleaji na mafundi umeme kabla haujataka abiria.

Ndiyo maana nikiulizwa na mzazi kazi gani nzuri, siulizi iko sekta ya ngapi. Nauliza: mgodi ukifungwa Jumatatu, ujuzi huu utauzika wapi Jumanne? Uchomeleaji unauzika kwenye machimbo, kwenye mashine ya mpunga na kwenye mageti ya nyumba. Uuguzi unauzika popote penye watu. Ualimu, pengine, ila foleni ya ajira za serikali mnaijua. Kubeba mifuko ya mawe hakuuziki nje ya machimbo. Bodaboda ya mkataba naiweka katikati: inalisha leo, lakini kijana analipa hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, na mkataba unapoisha mara nyingi anakabidhiwa pikipiki iliyochoka kuliko yeye.

Mabinti nao wamo humu, na huwa hatuwazungumzii hadi mambo yaharibike. Kijana akifeli anatafutiwa duara. Binti akifeli anaambiwa aende kwa shangazi mjini "akamsaidie dukani", na duka hilo mara nyingine ni baa iliyo kando ya machimbo. Nimekutana na wasichana wanaofunga mota vizuri kuliko kaka zao. Na kama binti yako aliacha shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Nenda shuleni ukaulize, usiishie kwenye maneno ya jirani.

Kuhusu chuo, dada. Ada za kozi ndefu za VETA kwa miaka mingi zimekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vifaa, sare na chakula ndivyo vinavyozidi ada yenyewe, kwa hiyo chukua karatasi ya mahitaji kutoka chuo chenyewe kabla ya kupiga hesabu. Fomu kwa kawaida hutolewa miezi kadhaa kabla ya masomo ya Januari. Ukisubiri Krismasi umechelewa. Divisheni four si kizuizi kwa kozi nyingi za ufundi. Kijana ambaye tayari ni fundi wa mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA na kupewa cheti bila kuanza upya darasani, jambo ambalo mafundi wengi wa makarasha hawalijui. Na baadaye, akiwa na wenzake, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Msajili kikundi kwanza, mkopo baadaye.

Mumeo atasema chuo ni miaka miwili au mitatu bila hela. Ni kweli, na hilo linauma kwenye nyumba yenye watoto wanne. Kwa hiyo nisingemwambia kijana asikanyage Nyarugusu kabisa. Likizo aende kwa mjomba, lakini akae juu, kwenye karasha, na fundi, akijifunza na kupata posho. Akilazimika kushuka, mjomba aonyeshe leseni, matimba yawe yamekaguliwa, na mvua ikinyesha asishuke hata mwenye duara akinuna. Ng'ombe mmoja auzwe kwa ajili ya chuo. Wa pili abaki zizini, ng'ombe anazaa.

Nilimtumia dada majibu haya kabla ya kuyachapisha. Juzi usiku akanijibu. Ng'ombe mmoja ulikuwa umeshauzwa mnadani, na nusu ya hela mjomba ameichukua. Nusu nyingine anayo yeye, ameifunga kwenye kanga. Mjomba ameombwa aandike karatasi, hajaandika bado. Kijana ameulizwa, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, anataka nini mwenyewe. Akasema anataka umeme wa magari. Baba yake alinyamaza, kisha akauliza chuo hicho kiko wapi.